Msichana Asiyeigizika

Kasuku hakuwa na akili ya darasani, na hilo hata yeye mwenyewe hakulificha. Hesabu zilimwingia sikio hili zikatokea lile, zisimwachie hata vumbi. Lakini Mungu hamnyimi mja wake vyote. Alimpa macho, kisha akampa mwili unaoyatii macho. Akikutazama unavyonawa uso asubuhi, jioni yake unanawa uso mara ya pili, ila safari hii umo ndani ya mwili wake na bweni zima linakucheka.

Ilikuwa shule ya wasichana watupu, ya kulala hukohuko, yenye bweni refu la madirisha yasiyofungika na vitanda vya ghorofa vilivyolalamika kuliko waliovilalia. Uji wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba ukiinamia bakuli unajiona mpaka kope. Mahali kama pale mtu asipocheka ataharibika, na vicheko vyote vya pale alikuwa navyo Kasuku.

Alimwigiza Bi Kesho, yule aliyeahirisha kila kitu. Bi Kesho alikuwa na soksi moja aliyoanza kuifua kidato cha kwanza, na mpaka wanafika kidato cha mwisho ilikuwa bado imo ndooni, imeota majani. Siku jiko la shule liliposhika moto, wenzake wanakimbia na ndoo za maji, yeye alisema, “Jamani, si mngesubiri upungue wenyewe?” Basi Kasuku alikuwa akipanda kitandani, anashusha mguu mmoja taratibu kama anayetaka kuteremka, na mguu unabaki palepale hewani. Watu wanakula, wanaosha vyombo, wanarudi, mguu bado uko hewani.

Alimwigiza Mashine, aliyekoroma mpaka popo wa darini wakahama na watoto wao. Mlinzi wa getini alitoka kibandani mara nyingi akafungua geti, akidhani lori la kuni limefika.

Alimwigiza Mama Askofu, aliyepewa kazi ya kuombea chakula bwaloni. Huyo alianza na viongozi, akaja kwa wagonjwa, akaja kwa wasafiri wa nchi kavu na majini, akaja kwa waliokufa na watakaokufa. Akifika “amina”, maharage ya kwenye sahani yameshaota na yanatafuta mti wa kupandia.

Wala hakuna aliyekasirika. Tena ilikuwa heshima. Asiyeigizwa na Kasuku alikuwa kama mtu ambaye jina lake halijaitwa kwenye mahudhurio. Wapya walikuja na biskuti kumhonga, “Dada, nami nifanye,” naye anakula biskuti, anawatazama kidogo, anawafanya.

Alibaki mmoja tu. Huyo waliishia kumwita Kivuli, na alilala kitanda cha chini, chini ya Kasuku mwenyewe.

Siku moja walikuwa wawili kwenye karo la kufulia. Kivuli alikuwa akisuuza shuka bila hata maji kufanya kelele. Akasema, “Na mimi?”

Kasuku alishtuka, sabuni ikamponyoka. Alikuwa amesahau kwamba kuna mtu.

“Na wewe nini?”

“Mimi nikoje?”

“Wewe…” Kasuku akamtazama juu mpaka chini. Akatafuta pua, pua ilikuwa pua. Akatafuta mwendo, mwendo ulikuwa miguu miwili inayopokezana. “Wewe mwenzangu umetulia.”

“Hata jiwe limetulia.”

“Sasa unataka nini, shoga?”

Kivuli akakamua shuka, akaikunja begani. “Jumamosi ya wazazi utawafanya wote. Nifanye na mimi. Nataka nichekwe kama watu. Miaka yote hii niko hapa, Kasuku, na nikitoka hilo geti litajifunga kama hakupita mtu.”

Ndilo lilikuwa ombi lake. Hakuomba kusifiwa wala kupendwa. Alitaka mtu amwone vizuri mpaka aweze kumcheka.

“Nipe siku chache,” Kasuku akasema. Alikuwa fundi, na fundi hukereka akiona kazi imemshinda. “Nitakufanya mpaka ujikimbie.”

Akaanza kumvizia. Alikuwa anajua habari zake kwa mbali tu, kama walivyojua wote: kwamba wazazi wake walitangulia mbele ya haki akiwa mdogo, kwamba analelewa na baba mdogo wake, na kwamba kila likizo ikikaribia tumbo linamsokota mpaka Matroni anampa dawa ya minyoo. Wenzake wakifunga masanduku wanaimba, yeye huwa wa mwisho kufunga la kwake, na huwa anafunga kimya. Hayo hayachekeshi. Kasuku akayaacha, akaendelea kutafuta. Kumchunguza Kivuli kulikuwa kama kuteka maji kwa pakacha, kila akiinua hamna kitu.

Mpaka asubuhi moja darasani. Bi Kesho, ambaye kichwa kilikuwa kinamwasha tangu juzi yake, hatimaye aliamua kujikuna. Akanyanyua mkono. Na Kivuli, aliyekaa dawati la pembeni, bega lake likaruka. Liliruka likagusa sikio, uso ukageukia ukutani, jicho moja likafumba. Kisha vyote vikarudi mahali pake kama havikutokea.

Kasuku nusura apige vigelegele. Alifurahi kama mtu aliyekuta yai chini ya kuku aliyedhaniwa tasa.

Sasa kwa kuwa alijua pa kutazama, aliona kila kitu. Mwalimu akinyanyua mkono kufuta ubao, bega. Kiranja akinyoosha mkono kufunga dirisha, bega. Bwaloni Kivuli alikula sahani ikiwa imezungushiwa mkono, kama anayekinga mshumaa. Hakukaa hata siku moja akiwa ameupa mlango mgongo. Na mlango ukibamizwa na upepo, midomo yake ilicheza bila sauti. Kasuku alijisogeza karibu mpaka akaisoma. Ilikuwa inasema, “Sirudii, sirudii.”

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini Kasuku hakuwa na habari ya nyoka. Aliona bega, hakujiuliza bega limefundishwa na nani. Akaenda nyuma ya bweni kulifanyia mazoezi, anarusha na kushusha, mpaka likawa lake.

Jumamosi ikafika. Meza za bwalo zilisukumwa ukutani, mabenchi yakapangwa, wazazi wakaja na nguo zao za kutokea. Baba mdogo wa Kivuli alikaa benchi la mbele. Alikuwa mtu mkubwa, msafi, ananukia vizuri, ana neno la kumchekesha kila mtu. Alimshika mkono Mwalimu Mkuu, akamshika mlinzi, akawashika na wapishi. Mtu wa watu. Kasuku alimpenda palepale, maana msanii humtambua mchekaji mzuri akiwa bado hajacheka.

Na kweli alicheka. Mguu wa Bi Kesho ulipobaki hewani alijipiga mapajani. Mama Askofu alipofika kwa wasafiri wa majini akatoa leso, akafuta machozi. Kina mama nao wakacheka kwa kuwa yeye anacheka.

“Sasa,” Kasuku akatangaza, “mwenzetu ambaye hamjawahi kumwona. Na leo mtamwona.”

Kivuli alikuwa kwenye ncha ya benchi la wanafunzi, karibu na mlango. Alikaa wima, mikono mapajani, uso umemng'aa kama mtoto anayengoja kupigwa picha.

Kasuku akaketi na sahani. Akaizungushia mkono, akala. Alikuwa amempanga Bi Kesho apite nyuma yake anyanyue mkono kufunga dirisha, na kwa mara ya kwanza maishani Bi Kesho akafanya jambo kwa wakati wake. Bega likaruka. Uso ukaenda ukutani.

Bwalo likalipuka. “Ni yeye! Loo, ni yeye mtupu!”

Akarudia. Mkono, bega. Mlango ukabamizwa, midomo ikacheza, na kwa kuwa watu wa nyuma wasingeisoma, Kasuku akaitia sauti, sauti ndogo kama ya kuku aliyeshikwa: “Sirudii. Sirudii, baba mdogo.”

Hilo la baba mdogo alilitia mwenyewe. Alidhani linanogesha.

Kicheko kikaanza kufa. Kilianza kufa kule nyuma, kwa Matroni, aliyekuwa ameshika sinia la vikombe. Kikafa kwa wapishi. Kikafa kwa wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikumbuka mahali alipowahi kuliona lile bega na hakulitazama. Mwisho kikabaki kicheko kimoja tu bwaloni, kinene, kizuri, cha mtu anayejipiga mapajani. Nyani haoni kundule.

Kasuku aliinama kuagana. Makofi yalikuja machache, kama matone ya mvua iliyoghairi. Kwenye ncha ya benchi pale mlangoni hapakuwa na mtu.

Matroni alimkamata mkono akamvutia stoo ya jikoni, akafunga mlango.

“Lile bega umelitoa wapi?”

“Kwake, mama.”

“Analifanya lini?”

“Mtu akinyanyua mkono.”

“Mtu gani?”

“Yeyote, mama. Hata wewe.”

Matroni akakaa juu ya gunia la maharage. Akasema, “Na mimi nilikuwa nampa dawa ya minyoo.”

Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, akarudi kabla kiti cha ofisini hakijapata joto. Mkuu alimwambia mambo ya nyumbani yana wenyewe, mtoto ni wa kwao na shule ni ya kupita, na huwezi kumvunjia heshima mgeni wa benchi la mbele kwa ajili ya mchezo wa watoto. Nje, baba mdogo alishafungua mlango wa gari. Likizo ilikuwa inaanza siku ileile.

Matroni akamfuata huku akijifuta mikono kwenye kanga. “Baba yangu, samahani sana. Mtoto hawezi kusafiri. Ameamka na matubwitubwi.”

“Mbona nilimwona bwaloni mzima?”

“Ndiyo kwanza yanaanza. Na ni mabaya haya. Daktari amesema asiguswe mpaka kesho.”

Baba mdogo akacheka. “Basi nitalala mjini. Kesho asubuhi nakuja kuyaona hayo matubwitubwi kwa macho yangu.”

Kasuku alimkuta Kivuli chumba cha wagonjwa, amekaa kitandani na viatu miguuni. Aliingia akijua moja kati ya mawili: atashukuriwa, au atatukanwa.

“Walicheka?” Kivuli akauliza.

“Walicheka.”

“Wote?”

“Mwanzoni wote.”

“Na yeye?”

“Yeye alicheka mpaka mwisho.”

Kivuli akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. Kisha akasema, “Mimi ninachekaga peke yangu nikifua. Ulijua?”

“Hapana.”

“Nina miguu mibaya ya kuruka kamba. Ninaimba vibaya. Nilidhani utanifanya ninavyoimba.” Akamtazama, na Kasuku ndipo alipomwona macho kwa mara ya kwanza, kumbe yalikuwa makubwa. “Umekaa juu yangu miaka yote hii, na ulichokiona ni bega tu? Sina kingine, Kasuku?”

Kasuku akafungua mdomo. Sauti za watu wote zilikuwamo mle kinywani, ya kwake haikuwamo.

Alitoka pale akaenda bwenini, ambako kidato cha mwisho kizima kilikuwa kinafunga masanduku kimyakimya. Akawaambia yale ya matubwitubwi, akawaambia ya kesho asubuhi. Hakufanya sauti ya mtu. Aliongea kama mtu anayekokota gogo.

Mama Askofu akasema tuombe. Bi Kesho akamkata. “Tukisubiri uombe wewe, huyu mtu ataondoka na mtoto na wajukuu zake. Nipeni pamba.”

Asubuhi baba mdogo akaja. Matroni akamfungulia mlango wa bweni, na wanaosimulia wanasema hata yeye Matroni aliruka nyuma. Kila kitanda kilikuwa na msichana, na kila msichana alikuwa na mashavu kama maboga. Waliokosa pamba walitafuna vitambaa, waliokosa vitambaa walitia soksi. Bi Kesho alikuwa na ile ya ndooni, na kijani kilimtoka pembeni mwa mdomo, ndiye aliyeonekana mgonjwa kuliko wote. Mashine alikuwa amelala kweli, mashavu yanapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi.

“Karibu ndani, baba,” Matroni akasema. “Ila niseme ukweli, kwa wanaume yanashuka. Yakimpata mtu mzima, hayavimbi shavuni.”

“Yanavimba wapi?”

Matroni akatazama chini kwa adabu.

Yule mtu wa watu hakumshika mtu mkono siku hiyo. Gari liliondoka na mlango mmoja ukiwa wazi.

Lakini uongo ukishautia kinywani huna budi kuutafuna. Ikabidi kidato kizima kikae likizo yote bwenini kama wagonjwa, wazazi walishaambiwa jioni ileile waondoke peke yao, na wengine walilia usiku kwa hamu ya mama zao. Hakuna aliyemnyooshea Kivuli kidole. Waliogopa hata kujikuna mbele yake. Wakitaka kitu cha juu wanapanda kitandani kwanza, wakitaka kuaga wanatikisa kichwa, na bweni likawa la watu waliofunga mikono kiunoni kama wanaosubiri maiti itoke. Matroni alimkalisha Kivuli mara kadhaa na kumuuliza, na kila mara alijibu, “Nilianguka, mama.”

Walichokuwa nacho ni karata. Mle ndani ya zile siku nzito ndipo Kivuli alipoanza kutokea, kidogo kidogo. Kumbe alikuwa mwizi. Mwizi wa karata, na hakuna mwizi mbaya zaidi aliyewahi kuzaliwa. Akitaka kuficha karata anainua macho darini, anakunja uso kama mkaguzi wa majengo, anasema, “Hii nyumba ina buibui wengi.” Na karata inaingia chini ya paja. Alisema hivyo kila raundi. Bweni zima lilijua kwamba buibui wakitajwa, karata imeshakwenda, na wote walitazama juu wakamwachia aibe.

Kasuku alimtazama kutoka kitanda cha juu. Safari hii hakufanya mazoezi popote.

Mtihani ulikuja ukapita. Kivuli alifanya mpaka karatasi ya mwisho, akitumia kalamu ya Mama Askofu, iliyoombewa sana. Siku ya kuondoka gari lilikuwa limeshafika getini kabla ya uji.

Matroni alijaribu. Alisema mtoto bado ana dalili.

Baba mdogo akatabasamu kwa upole kabisa. “Mama, nilimuuliza daktari. Matubwitubwi hayampati mtu mara mbili.”

Matroni hakuwa na ugonjwa mwingine. Alisimama akakunja kanga yake na kuikunjua. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshamshika mgeni mkono na kurudi ofisini. Sanduku likaingia kwenye buti.

Kasuku alitoka bwenini akikimbia, akamkuta Kivuli amesimama upande wa pili wa gari. Alitaka kumkumbatia, akakumbuka mikono, akaibana kiunoni.

“Nimekupata,” Kasuku akasema.

“Umenipata nini?”

Kasuku akainua macho kwenye paa la kibanda cha mlinzi. Akakunja uso kama mkaguzi wa majengo. Akakohoa kikohozi cha mtu mwenye cheo. “Hii nyumba,” akasema, “ina buibui wengi.” Na mkono wake ukateremka polepole ukaenda nyuma ya paja, unaficha karata isiyokuwapo.

Kivuli akacheka. Kilimtoka kicheko kibaya, cha kukwama na kukoroma, kinachoanza mwisho na kuishia mwanzo, na mlinzi alipokisikia akacheka na yeye bila kujua kwa nini. Kasuku alikikamata chote. Kilikuwa cha Kivuli, hakikuwa cha mtu mwingine bwenini.

“Mnacheka nini?” baba mdogo akauliza kutoka kwenye usukani.

Kicheko kikakatika katikati.

“Hakuna kitu, baba mdogo.”

Akaingia garini, akafunga mlango taratibu, bila kelele. Mlinzi akafungua geti. Kasuku alisimama pale vumbi likimwingia machoni, na wenzake walipofika wakihema na kumuuliza kama amemuaga, hakuwajibu, kwa kuwa alikuwa anakirudia kile kicheko kwa midomo tu, bila sauti, asije akakipoteza.